Treni Nyekundu ya Chini ya Kitanda

Jumapili, 2 Machi 2025

Nimemkosea Tusekile, mke wa mdogo wangu Fred. Nilimwita mwizi mbele ya watu. Naanza na hilo kwa sababu nikisema kwa mdomo huwa najitetea kabla sijafika katikati. Mke wangu Felista ameshachoka kunisikiliza. Jana aliniambia, "Baba Doreen, hayo maelezo yako kayaandike huko, mimi nina kuku wa kunyonyoa." Basi naandika.

Ilikuwa Januari, tulipokwenda nyumbani Masoko kujengea kaburi la baba, Mzee Abrahamu. Watu wamejaa, saruji imeshakorogwa. Mimi nikaingia chumbani kwa marehemu kutafuta treni yangu ya utotoni. Ni treni ya bati, nyekundu, ukizungusha ufunguo inatembea yenyewe, na ina mabehewa yake na reli zake. Baba aliiweka chini ya kitanda miaka yote. Sikuikuta. Nikatoka uani, nikamwona Neema, binti wa Tusekile, ameipanga kwenye kibaraza cha jikoni inazunguka.

Kwetu mke wa mtoto haingii chumba cha baba mkwe wake. Hata njiani akimwona anapinda migombani ampishe. Watu wa mjini wameshaacha, lakini baba alikuwa wa zamani, na Tusekile aliishi naye boma moja kwa kufuata hivyo. Mimi hayo yote nayajua. Na bado nilipaza sauti: "Mmeona? Mke wa Fred kaingia chumba cha mkwe wake, kaiba kitu cha marehemu!"

Yeye alijibu kidogo tu. "Mzee aliniambia ni ya Fred."

Wanawake waliokuwa wanamenya ndizi wakaacha kumenya. Mmoja akamwuliza, "Alikuambia? Yeye akiwa wapi, wewe ukiwa wapi?"

Tusekile akamshika Neema mkono, wakaingia jikoni. Kesho yake alichukua watoto akarudi kwao Mpuguso. Mpaka leo hajarudi.

Treni iko hapa dukani kwangu, Bagamoyo, mtaa wa mjini huku kwetu, siyo ile ya pwani, juu ya rafu ya cheni za pikipiki. Ninachokiri ni kwamba nilisema kwa ukali, na mbele za watu. Kwamba treni ni yangu, hilo sina wasiwasi nalo.

Jumanne, 4 Machi

Mvua tangu alfajiri. Wateja hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Fred amepiga simu kutoka Tunduma, anakofanya kazi ya udereva.

"Kaka, mke wangu yuko kwao."

"Najua."

"Unajua, halafu?"

"Nitakwenda kuongea nao."

"Utaongea nini? Kama ni mwizi, mwache akae huko. Kama si mwizi, sema. Mimi nyumba yangu imefungwa, nikirudi likizo nalala wapi, kwa kaburi?"

Akakata. Nimekaa na hayo maneno mchana kutwa. Halafu nikaona njia. Nikijua hii treni ni ya mwaka gani, mambo yamekwisha. Mimi ni wa mwaka sabini na moja, Fred ni wa themanini. Kama ilitengenezwa miaka ya sabini, ni yangu, na mke wa Fred alisema uongo kujiokoa. Nitaomba radhi ya kelele tu, siyo ya neno lenyewe.

Na mimi nakumbuka vizuri. Niko darasa la kwanza, nimelala kifudifudi kwenye sakafu ya barazani, baba yuko magotini, treni nyekundu inakuja kwangu, ananiambia, "Jotham, angalia kona."

Jumatatu, 10 Machi

Nimeisafisha kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani. Kazi nzuri, mikono inatulia. Chini ya kichwa cha treni yakatokea maandishi madogo ya Kiingereza. Imetengenezwa Ujerumani Magharibi. Nikafurahi kweli. Baba alikuwa fundi seremala wa misheni, na Wajerumani walikuwepo pale hata mimi sijazaliwa. Nilimpelekea Felista soda. Akaipokea, akaniuliza, "Ya nini?"

Jumanne, 11 Machi

Kijana wa bodaboda kaja kutafuta plagi, kaiona rafuni. "Mzee Jotham, siku hizi unauza na spea za treni? Hii ya kwenda Dar au inaishia Uyole?" Wote wakacheka. Mimi pia.

Jumapili, 16 Machi

Doreen, binti yetu aliye chuoni Mbeya, alikuja kuchukua viazi. Akaipiga picha kila upande akazituma kwenye kundi moja la mtandaoni la watu wanaokusanya vitu vya kuchezea vya zamani. Sikujua kuna watu wazima wa kazi hiyo. Jibu limekuja kabla hatujamaliza kula. Mzee mmoja wa huko Ulaya anasema hao walioandika Ujerumani Magharibi waliandika hivyo tangu baada ya vita mpaka nchi zao mbili zilipoungana, mwaka tisini.

"Kwa hiyo inaweza kuwa ya sabini," nikasema.

"Au ya themanini, baba."

"Au ya sabini."

"Anataka picha za boksi. Anasema mwaka unajulikana kwa boksi."

Boksi sikulichukua. Siku ile nilibeba treni na reli mikononi nikaondoka.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Mtaro wa mbele ya duka umejaa taka. Nimeuzibua.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda Masoko. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba, ziwa halionekani kabisa. Nyumba ya Fred imefungwa, nyasi zimefika dirishani. Ya baba pia. Shangazi Imakulata, dada yake baba, anakaa jirani, ndiye anayelisha ng'ombe wa baba na ndiye mwenye funguo. Alinifungulia jiko la Tusekile bila kuniuliza, akakaa mlangoni akichambua maharage.

Boksi lilikuwa juu darini, penye moshi, limefungwa vizuri ndani ya kitenge. Kando yake palikuwa na beseni, mataulo mawili ya baba na ule mpira wa kutandika kitandani, umeoshwa, umekunjwa. Nikadhani Amoni ndiye aliyeviacha pale. Amoni ni kijana niliyemweka amwogeshe mzee na kumgeuza kitandani ule mwaka wa mwisho. Mimi nilikuwa nakuja Jumapili baada ya ibada, namkuta mzee msafi, ana harufu ya sabuni, nakaa kidogo narudi. Nilikuwa namsifu Amoni kwa watu.

Shangazi akaniona na boksi. "Bado unahangaika na kidude cha Fred?"

"Changu, shangazi."

"Chako!" Akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Wewe ya kwako ilikuwa ya mti. Baba yako aliichonga kwa mabaki ya mbao za misheni. Ukaenda nayo mtoni ikachukuliwa na maji, ukalia, tukadhani kuna msiba."

"Mimi naikumbuka nyekundu."

"Si aliipaka ile rangi iliyobaki kwenye milango ya mchungaji! Hii ya bati aliletewa Fred alipovunjika paja, na yule daktari Mjerumani wa misheni aliyekuwa anarudi kwao. Kakaa kitandani yule mtoto mpaka tukasahau anavyotembea. Wewe ulikuwa umeshaota ndevu, uko bweni, unakuja likizo unatuongelesha Kiingereza."

Nikamwambia amechanganya, umri umeenda. Akanitazama tu. "Umri umeenda, ndiyo. Kwa hiyo wewe ndiye unayekumbuka."

Kwenye bajaji nililigeuza boksi. Chini, pembeni, kuna ile mistari myeusi, minene na myembamba, inayosomwa na mashine. Maboksi yote ya spea zangu yanayo. Nimeyashika kila siku sijawahi kuyafikiria. Leo nimeyafikiria njia nzima.

Jumapili, 30 Machi

Nimemtumia Doreen picha. Kanisani sikusikia mahubiri.

Jumamosi, 5 Aprili

Jibu limekuja. Yule mzee wa Ulaya ameandika kwa upole kabisa, kama mtu anayetoa taarifa ya ugonjwa. Kiwanda hicho miaka ya sabini maboksi yake hayakuwa na mistari. Mistari ikiwa pamoja na picha hii ya mtoto wa sweta ya kijani, ni ya mwaka themanini na nne hadi themanini na saba. Doreen akanisomea kwenye simu mara mbili. Halafu akaniuliza, "Baba, wewe themanini na nne ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu."

Akaanza kuniuliza habari za mvua. Ni mtoto mwenye adabu.

Shangazi alisema kweli. Kwa hiyo ile sakafu ya baraza ni kweli, baba magotini ni kweli, wekundu ni kweli. Treni tu ndiyo nyingine. Ya kwangu ilikwenda na maji, na mimi nikaja likizo nikaikuta ya mdogo wangu, nikaifanya ndiyo hiyo. Niliifanya mpaka nikaamini.

Jumapili, 6 Aprili

Nilimpigia Fred. Nilitaka kujua kama yeye ndiye aliyemwambia mke wake habari ya treni.

"Mimi?" akasema. "Mimi mwenyewe nilijua ni yako. Siku zote ulisema ni yako. Nilikuwa nakuomba ruhusa ya kuishika."

Nikamwambia mtandao mbaya.

Jumatatu, 7 Aprili

Basi kama si Fred, ni mzee aliyemwambia, kama alivyosema. Na kama ni mzee, waliongea. Baba yangu hakuwahi kuongea na mkwe wake uso kwa uso tangu alipoolewa. Alikuwa akitaka chumvi anamwambia mtoto amwambie mama yake, na mama yake amesimama nyuma ya ukuta anasikia kila kitu.

Nimewaza juu ya ule mpira uliokunjwa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimemkuta Amoni Mpuguso njia panda, anapakia parachichi kwenye makreti. Nilimwita pembeni.

"Wewe ulimwogesha mzee mpaka mwisho?"

Akaangalia viatu vyake. "Boss, usinikasirikie. Mimi nilikwenda ule mwezi wa kwanza tu. Nikapata kazi huku."

"Na Jumapili nilizokuwa nakukuta?"

"Jumapili mama Neema alikuwa ananipigia, njoo ukae, shemeji anakuja. Nakaa. Ukiondoka naondoka."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinikataza. Alisema ukijua utaleta mtu mwingine, na mzee hataki tena mtu mwingine."

Nilirudi dukani nikafunga mapema. Felista alikuwa anachagua mchele. Nilimweleza yote. Akaweka ungo chini.

"Sasa unaelewa ulichofanya?" akasema. "Angesema ameiba, ni mwizi. Angesema hakuiba, wangemwuliza mlijuanaje na mkwe wako. Ulimfungia mlango mbele na nyuma."

Alikuwa amelijua hilo tangu Januari. Aliniambia alisubiri nifike mwenyewe, kwa sababu mimi nikifikishwa sikubali.

Jumamosi, 12 Aprili

Nilitaka kwenda Mpuguso. Barabara mbaya.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Mvua. Nimemwambia Felista barabara ya Mpuguso bado mbaya. "Bodaboda wanapita," akasema.

Jumanne, 29 Aprili

Nimeangalia barabara. Inapitika.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekwenda.

Kwao Tusekile ni juu, katikati ya chai. Baba yake, Mzee Enosi, alikuwa barazani amevaa koti la mvua ndani ya nyumba. Nikamwamkia kwa lugha yetu, "Mugonile, tata," yaani habari, baba. Akaitikia, akanionyesha kigoda, akarudi kwenye redio yake. Hakuizima.

Tusekile alitokea nyuma ya jiko na kikapu cha majani ya chai mgongoni, alikuwa anarudi kutoka kuchuma. Aliponiona hakushtuka.

"Shemeji, karibu. Umefuata boksi nalo?"

Mzee Enosi alikohoa. Nadhani alikuwa anacheka.

Nikamwambia nimejua. Nikamweleza mwaka wa treni, shangazi, Fred, Amoni. Nilieleza kama mtu anayesoma ripoti, sikujua kuanza kwingine. Alinisikiliza amesimama na kikapu chake, hakukitua.

"Kwa hiyo bila Mzungu wa kwenye simu ningekuwa mwizi mpaka leo," akasema.

"Ndiyo."

"Afadhali umesema ndiyo." Hapo akatua kikapu, akakaa kwenye ngazi, mbali na mimi, uso kauelekeza kwenye chai. Aliongea hivyo hivyo, bila kunitazama.

Anasema Amoni alipoacha kuja, mzee alilala kutwa kwenye mkojo. Yeye alikuwa anamsikia ukutani. Hakuwa anaita mtu, alikuwa anahesabu majina ya ndugu zake waliokufa. Shangazi alikuwa amekwenda Kyela msibani. Tusekile akaenda mpaka mlangoni, akageuza mgongo, akauliza, "Tata, niingie?"

Mzee akamwambia, "Usiingie. Bado sijakupa kitu."

Mimi hapo nikaelewa kabla hajamaliza. Zamani baba mkwe akitaka kumfungulia njia mke wa mtoto wake, ili waweze kuonana na kuhudumiana, alitoa ng'ombe. Baba aliyaamini hayo kuliko dawa.

"Nikamwambia, tata, ng'ombe wapo zizini, sema tu ni yupi," Tusekile akaendelea. "Akasema, nani atamtoa bila watu kuuliza ni wa nini? Jotham atajua kwamba nimekuwa mtu wa kuogeshwa na mke wa Fred. Sitaki. Tukakaa hivyo, mimi nje, yeye ndani. Halafu akaniambia nichukue fimbo yake iliyokuwa nyuma ya mlango, nivute boksi chini ya kitanda, nisimtazame. Nikavuta. Akasema, 'Hiyo ni ya mume wako, alipewa akiwa hawezi kutembea. Nimekupa. Sasa ingia.'"

Mzee Enosi akazima redio.

"Nikaingia," akasema Tusekile. "Nikamwogesha siku hiyo mpaka siku aliyokufa. Alikuwa ananiita mwanangu. Neema alikuwa anamchezeshea treni chumbani, mzee anacheka bila meno."

"Kwa nini hukusema, siku ile?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Ningesema nini, shemeji? Kwamba mwenzenu njia yake ilifunguliwa kwa treni ya mtoto? Wangecheka mpaka kesho. Na hicho kitu chenyewe ulikuwa umekishika wewe. Ulikitoa mikononi mwa mwanangu. Ni sawasawa na kwamba ulirudi nyuma ukaufunga ule mlango, mimi nikiwa ndani na mzee yuko uchi."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema, sikuongeza. Nililia pale kwenye kigoda. Hakuna aliyeninyamazisha, na ilikuwa sawa.

Baadaye nikasema nitarudisha treni, na nitakwenda kuwaambia watu Masoko kwamba yeye si mwizi.

"Treni ni ya Neema, utamrudishia Neema. Lakini mimi usinitetee kwa maneno. Ukisema si mwizi, watauliza sasa ni nani. Mimi nataka yule ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Yule ambaye mzee aliogopa kumtoa. Nataka atoke zizini kwake mchana, kwa mguu, apite mbele ya wale waliokuwa wanamenya ndizi. Na umlete wewe, siyo mtu wa kutumwa. Wakikuuliza ni wa nini, usiseme ni wa faini."

"Niseme nini?"

"Sema baba yako aliogeshwa na nani."

"Watajua kila kitu."

"Wajue. Nilikaa na aibu ambayo haikuwa yangu. Ng'ombe akitoka, siyo aibu tena."

Mzee Enosi akasema neno lake la kwanza tangu salamu. "Mvua hii ng'ombe atateleza atavunjika. Ngoja udongo ushike."

Jumatano, 7 Mei

Ukungu. Mteja mmoja kauliza treni imekwenda wapi. Nimeiweka ndani ya boksi lake, nimelifunga kwa kile kitenge.

Jumapili, 11 Mei

Nilidhani kazi ngumu ni kumwendea Tusekile. Kumbe ni baba. Nimemkasirikia wiki nzima, marehemu wa watu. Aliogopa mimi nijue. Baba yangu mzazi aliona bora alale kwenye mkojo kuliko Jotham wa dukani kujua. Nikajiuliza nilikuwa naingia vipi pale Jumapili. Nakumbuka sasa. Nilikuwa nasimama mlangoni, nanusa kwanza, ndipo naingia.

Jumamosi, 17 Mei

Nimekwenda Masoko kuchagua ng'ombe. Shangazi alitaka nichukue yule ng'ombe mzee wa madoa, eti anajua njia. Nikamwambia hapana, nachukua mtamba mweusi, ndiye mzuri kuliko wote. "Yule ulisema ni wa harusi ya Doreen," akasema. Nikamwambia Doreen ameshaambiwa, amekubali, na amesema angenishangaa kama ningetoa mwingine.

Shangazi akafunga lango la zizi. "Abrahamu aliniambia anaogeshwa na malaika," akasema. "Nikadhani ni homa."

Alhamisi, 22 Mei

Jua. Siku nzima. Udongo umeanza kupasuka kwenye mtaro.

Jumapili, 25 Mei

Nimempigia Fred, nimempa habari zote kwa mpangilio, na nimemwambia treni ilikuwa yake. Halafu akauliza, "Ufunguo wake upo?" Nikamwambia upo. Anaomba ruhusa kazini. Nimemwambia njia ya ng'ombe ni yangu peke yangu, yeye awe Mpuguso na mkewe atakapopokea.

Felista ameuliza nitavaa nini. Nikasema koti la kanisani. "Na usitembee nyuma ya ng'ombe kama mchungaji wa kukodiwa," akasema. "Shika kamba, tangulia, watu wakuone uso."

Basi ni hivi. Jumamosi hii, tarehe 31 Mei, asubuhi watu wakiwa wameshaamka na wako nje, nitamtoa mtamba mweusi zizini kwa baba yangu, Masoko. Nitapita kwanza nyumba ya yule mama aliyeuliza, "Yeye akiwa wapi, wewe ukiwa wapi?" Nitasimama pale hata kama hajaniuliza kitu. Nitasema: huyu ni ng'ombe wa Tusekile, baba yangu amemfungulia njia. Alikuwa chumbani, na Tusekile alikuwa chumbani, anamwogesha, na mimi mwanawe nilikuwa dukani nauza cheni. Nitasema hivyo hivyo nyumba inayofuata, na inayofuata, mpaka Mpuguso, na kamba nitaikabidhi mkononi mwake kabla jua halijazama.